Hata Kosa Lilifukuza Ndege

Habari ya kufa kwa Mwalimu Gaudensia niliipata sokoni Kashaulili, nikiwa nimeshika punje za mchele kiganjani nazipuliza vumbi. Aliyeniambia ni Leokadia, mwenzangu wa tangu utoto, ambaye siku hizi ana meza yake ya mchele hapo Mpanda mjini. Aliisema huku anampimia mteja, bila kuinua uso: "Mama Deo, unajua Mwalimu wetu alishatutoka?" Nikamwuliza mwalimu yupi, ingawa moyo ulikuwa umeshajua, maana sisi wawili tukisema Mwalimu bila jina ni mmoja tu. Alizikwa kwao Sumbawanga kabla ya Pasaka, na siku hiyo tunaongea mahindi yalikuwa yameshavunwa na kupukuchuliwa. "Tumechelewa hata kulia," Leokadia akasema. Akamfungia mteja mfuko wake, akanisogezea gunia nikae. Nikakaa. Watu walipita na vikapu vyao, wengine wakauliza bei, na sisi tulikuwa hatupo pale. Tulikuwa juu ya dungu, katikati ya mpunga, miguu inaning'inia.

Nina tabia ya kuandika andika jioni: mvua imenyesha au haikunyesha, nani anaumwa, nini kimepikwa. Mwaka ule wa Mwalimu sijawahi kuuandika. Niliona hiyo ni kazi ya watu waliosoma sana, na mimi niliishia darasa la saba. Tena sina hakika kama ninachokumbuka ndicho kilichokuwa, au ndicho nilichokipenda tu kikanata. Basi nitaandika hivyo hivyo, na pale nisipojua nitasema sijui. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, watu wameshahamishiwa vijijini, nami niko darasa la nne katika kijiji chetu cha Mpimbwe. Nilikuwa nakaa kwa Shangazi Emeriana. Kwa nini nilikaa kwake ni habari ndefu isiyosaidia hapa, naiacha.

Chumba cha darasa la nne kilikuwa cha matofali mabichi, madirisha hayana mbao, na kwenye kona ya nyuma popo walikuwa wamechafua ukuta mpaka ukawa na rangi mbili. Juu ya ubao kulikuwa na msumari, na kwenye msumari kulikuwa na fimbo. Hii ilikuwa fimbo ya Mwalimu Mkuu, Mwalimu Desderi, ambaye alitufundisha mwaka wa nyuma. Nataka nimtendee haki. Hakuwa mtu katili. Alitembea kwa mguu mpaka kwa wazazi kuwabembeleza walete watoto, na mshahara wake alinunulia chaki. Ila alifundishwa kwa fimbo na aliamini elimu inaingia kupitia maumivu kama vile dawa ya sindano. Sisi tulijifunza kunyamaza. Tulinyamaza vizuri sana. Nikikumbuka darasa la tatu silioni kosa lolote wala jibu lolote. Nasikia nzi tu.

Januari akaingia Mwalimu Gaudensia, mwembamba, nywele kasuka twende kilioni, khanga kiunoni juu ya gauni. Alikuwa ametoka kufundisha Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi. Kabla ya kuita mahudhurio aliuliza, "Njiani leo mmeona nini kizuri?" Kimya. Tulijua ni mtego. Akauliza tena. Mwishowe Leokadia, ambaye hakuwahi kuweza kufunga mdomo, akasimama akasema, "Nimeona nyoka amekufa, Mwalimu." Mwalimu akamtazama. "Alikuwa mzuri?" "Alikuwa mzuri kwa sababu amekufa, Mwalimu." Na Mwalimu akacheka. Sisemi alitabasamu, alicheka mpaka akashika meza. Sisi tukatazamana, halafu tukatazama fimbo, halafu na sisi tukacheka. Ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia kicheko ndani ya chumba cha darasa, na nakumbuka niliinua macho juu kana kwamba paa linaweza kukasirika. Kesho yake akaitoa ile fimbo msumarini akaning'iniza kitambaa cha kufutia ubao. Fimbo yenyewe akampelekea Mwalimu Desderi kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayerudisha chombo alichoazima.

Tangu siku ile nilitembea kwenda shule macho yakiwa yamefunguka. Ilinibidi nione kitu. Umande juu ya utando wa buibui, ng'ombe wa Wasukuma wanapita na vumbi lao, mtoto mdogo kavaa shati la baba yake. Nilifika na kitu mdomoni. Labda watu wengine walizaliwa wakiviona vitu hivi, mimi nilifundishwa.

Lakini kwetu kuna jambo moja ambalo kila mtu alilijua, na lilikuwa likinisubiri. Mpunga ukianza kutoa masuke, kwelea huja kama moshi. Wakishuka kwenye jaruba lisilo na mlinzi, wakiinuka umebaki na nyasi. Kwa hiyo kila shamba hujengewa dungu, jukwaa la fito juu ya nguzo, na juu yake hukaa mtoto kuamia ndege tangu alfajiri mpaka jua linazama, anavuta kamba zilizofungwa makopo na kupiga kelele. Hiyo ni miezi. Shule inatupungukia, na wanaorudi baada ya mavuno hukuta wenzao wameshafika mbali, na fimbo inawasubiri kwa utoro. Wasichana wengi hawakurudi kabisa. Shangazi alikuwa amelisema wazi tangu Krismasi, anapepeta mchele, wala hakulisema kwa ubaya: "Yustina, mpunga haulindwi na daftari. Ukitoa masuke unapanda dunguni, na ukishavunwa unakaa nyumbani. Darasa la nne linatosha. Barua umeshajua kusoma." Mwaka wa nyuma ningefurahi. Mwaka ule nilitoka nje nikaenda kuegemea ghala.

Masuke yakatoka. Nikapanda dunguni. Siku za kwanza nilikuwa napiga kelele huku nalia, na sidhani ndege waliona tofauti. Halafu jioni moja nikaona mtu anakuja juu ya tuta kati ya majaruba, viatu mkononi, khanga kapandisha magotini. Shangazi, aliyekuwa akipalilia pembeni, akanyooka. "Shikamoo Shangazi," Mwalimu akamwamkia, ingawa walikuwa karibu umri mmoja. Alimwita hivyo kwa sababu yangu. "Marahaba, Mwalimu. Umekuja kulinda au kuchukua?" "Nimekuja kulinda." "Haya. Ngazi ile pale, kipago cha tatu kimeoza."

Akapanda. Nikampa nusu ya kiazi changu cha kuchemsha, akala na maganda. Ndege walipokuja akasimama akapaza sauti, na sauti yake ilikuwa ya kwaya, laini, inapanda vizuri. Kwelea wakatua. Shangazi huku chini akashika mbavu. "Mwalimu! Hao wanadhani unawaimbia misa! Wanasubiri komunyo!" Basi nikamwonyesha. Kelele ya ndege haitoki kooni. Unajaza kifua, na neno la mwisho unalivuta mpaka lifike dungu la jirani. Dungu la jirani lilikuwa la Leokadia, na kila kundi likiinuka kwangu nilimwitia, "Wanakuja kwakoo!" naye akamwitia wa mbele yake, na hivyo hivyo mpaka mtoni. Mwalimu alisikiliza kelele ile inavyosafiri. Alisikiliza muda mrefu, kiazi mkononi. Akauliza, "Nyie mnapopigiana kelele, huwa mnasema nini?" Nikamwambia hatusemi kitu, ni kelele tu. Akasema, "Basi tuweke kitu ndani ya kelele."

Ndivyo ilivyoanza. Kwa kuwa karibu darasa zima lilikuwa madunguni, darasa likahamia huko. Asubuhi Mwalimu alipita juu ya matuta, dungu kwa dungu, ana chaki kwenye pindo la khanga, anatuandikia tebo za kuzidisha kwenye nguzo. Halafu kelele ikaanza. Mimi nilijaza kifua: "Saba mara naneee!" Leokadia akajibu kwa upande wake, "Hamsini na sitaaa!" kisha akamtupia swali wa mbele yake, na ndege wakaruka, na swali likaenda nao. Mtoto akikosea, bonde zima lilimpigia kelele, "Ndege wakoo!" maana yake kundi ni lake sasa, alibebe. Ila tulikuwa tunalipigia kelele hilo kwa pamoja na kwa kicheko kikubwa kiasi kwamba ndege hawakuthubutu kutua kwake. Jambo hili nimelifikiria maisha yangu yote na bado linanishangaza. Hata kosa lilifukuza ndege. Mwaka uliopita kosa lilikuwa linakuja na fimbo, na sasa kosa lilikuwa linalinda mpunga. Baada ya tebo tukaweka mito, tukaweka miezi, tukaweka sehemu za ua. Akina mama waliokuwa wanapalilia wakaanza kujibu bila kuombwa. Siku moja nilichelewa kidogo kwa "tisa mara sita", na kutoka kwenye mpunga, bila hata kuona kichwa chake, Shangazi akasema, "Hamsini na nne, mtoto, wanatua!"

Nilikuwa naenda kwa Mwalimu siku za Jumapili kumsaidia kutwanga. Nyumba yake ilikuwa na chumba kimoja na jiko la nyasi kwa nyuma, na kati yake kuna ukuta wa fito ambao haukuwa umekandikwa vizuri. Jumapili moja alikuwa anapika dagaa wa Ikola kwa karanga, harufu inafika barabarani, na Mwalimu Desderi akaja. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko naosha vyombo. Sikujificha, ila sikujitangaza pia. Mwalimu Desderi akasema taratibu, maana hakuwa mtu wa kupayuka, "Mwalimu, wazazi wananiuliza. Wanasema watoto wanacheka mchana kutwa. Mtoto anayecheka anajifunza nini?" Yeye akamjibu kwamba wanajua tebo zote. "Sikatai. Lakini furaha inakuja baadaye, mtoto akishafaulu, akishakwenda sekondari." Nikasikia mwiko unagonga sufuria. "Kutoka darasa lile, Mwalimu Mkuu, watakwenda sekondari wangapi?" Akaendelea mwenyewe: "Mmoja? Tuseme wawili, Mungu akitupenda. Hao wengine wote furaha yao umeiweka wapi? Hawana baadaye ya shule. Wana miaka hii tu. Kule Katumba nilipewa darasa la watoto walionyamaza kama mawe, kwa mambo waliyoyaona kwao. Nilifundisha wiki nzima naongea na ukuta. Siku mmoja wao alipocheka, kwa sababu nilikaa kwenye kiti kibovu nikaanguka, ndiyo siku waliyoanza kusoma. Mimi sichezi, Mwalimu. Shule isipompa mtoto furaha ya kujua kitu, imempa nini cha kuondoka nacho?" Kisha Mwalimu Desderi akasema, "Dagaa wako wanaungua." Nikasikia anavuta kigoda, anakaa, na wakala. Mpaka leo sijui kama alikubali au alikuwa na njaa. Nadhani vyote viwili.

Mkaguzi wa elimu alikuja wakati mpunga umeanza kuinama. Tuliiona Landrova mbali ikipandisha vumbi kwenda shuleni, na darasa letu lilikuwa tupu. Mkaguzi akisema huku ni kuichezea serikali, Mwalimu angeondolewa, madungu yangekuwa madungu tu, na kwangu mimi baada ya mavuno palikuwa na ghala na kinu. Yaliyotokea ofisini nilisimuliwa baadaye. Mwalimu Desderi angeweza kusema kuna surua. Angeweza kusema mwalimu huyu ni mkaidi, nilishamwonya, na lingekuwa neno la kweli. Nasikia alisema, "Darasa la nne liko kazini, mheshimiwa. Itabidi tuvue viatu."

Wakaja juu ya tuta, Mwalimu Desderi mbele, mkaguzi nyuma na viatu vyeusi vimening'inia vidoleni, suruali imekunjwa. Dungu la kwanza kutoka njiani lilikuwa la kwetu. Mwalimu Gaudensia alikuwa mbali kwa upande wa mtoni, na nikamwona amesimama tu. Mkaguzi akapanda, kile kipago cha tatu kikamkatikia, akajivuta akafika juu amekunja uso. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi kidogo masikioni. Akachuchumaa mbele yangu na akaniuliza kwa upole, kwa sauti ya ofisini, kama mtu anayemwuliza mgonjwa: "Mwanangu, saba mara nane ni ngapi?"

Sasa hapa ndipo lilipotokea lile ambalo lisingetokea kwa mtoto wa mahali pengine. Mimi saba mara nane nilikuwa sijawahi kuijibu kwa karibu. Sikujua kama ina jibu la polepole. Nikasimama, nikajaza kifua, nikageukia bonde, nikaachia, "Hamsini na sitaaa!" na mkaguzi akaanguka chini kwa matako. Ndege walioshuka kimya tulipokuwa tunatazama wageni wakainuka wote kwa pamoja, bonde zima, anga likawa jeusi na sauti ya mabawa ikawa kama mvua inavyokuja juu ya bati. Na Leokadia akadhani mchezo umeanza. "Nane mara naneee!" Wa mbele yake akadaka. Swali likakimbia na jibu likarudi, mtoto mmoja kule mtoni akakosea, na bonde likaripuka, "Ndege wakoo!" akina mama humo humo, na nadhani, ingawa sitaapa, nilisikia sauti ya Mwalimu Desderi huku chini ya dungu.

Mkaguzi alibaki amekaa pale pale, mkono umeshika nguzo yenye tebo za chaki. Alitazama ndege mpaka wakawa nukta. Kisha akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na mtu yeyote, kabla wala baada: "Unafurahi hapa?" Shangazi akajibu kutoka chini, "Anafurahi mno, mheshimiwa, ndiyo matatizo yenyewe." Mkaguzi akachungulia. "Na mpunga ukivunwa, mama, atarudi darasani?"

Nilifunga macho. Nikasikia jembe linachomekwa kwenye tope. "Mheshimiwa," Shangazi akasema, "mwaka huu ndege hawajala kwangu hata suke. Miaka yote wanakula. Mwakani nani atalinda mpunga wangu kama mtoto hajui tebo za mbele? Za darasa la nne ndege watakuwa wameshazizoea."

Mkaguzi hakucheka. Alikunja upya suruali yake polepole hapo juu, akamwambia Mwalimu Desderi, "Nitaandika kwamba nimekuta darasa. Lilikuwa wapi, sitaandika." Akashuka kwa kuruka kile kipago kilichokatika.

Nilirudi darasani baada ya mavuno. Nilimaliza la saba. Na kwa kuwa nimeahidi kusema kweli yote, niseme na hili: Mwalimu Gaudensia alihamishwa mwisho wa mwaka ule. Kama ni kwa sababu ya madungu au uhamisho wa kawaida, sina ushahidi, sisemi. Na katika darasa letu hakuchaguliwa hata mmoja kwenda sekondari. Darasa la mwaka uliotutangulia, la fimbo, lilipeleka mmoja. Kwa hiyo mtu akiniambia furaha ile haikuzaa kitu, sina cheti cha kumwonyesha. Nina haya tu: sikumbuki jioni niliyolala bila kusoma chochote, hata kama ni karatasi iliyofungia chumvi, na wajukuu zangu wakitoka shule siwaulizi wamepata ngapi, nawauliza wameona nini kizuri njiani. Wakati mwingine wananitazama kama nimewatega. Huwa nasubiri. Mwalimu alisubiri.

Haya yote yalinipitia nikiwa nimekaa kwenye gunia la Leokadia, na nadhani yalimpitia na yeye, maana aliacha kuita wateja. Alikuwa anachora mistari kwenye mchele kwa kidole. Bila kunitazama akasema, polepole kabisa, "Kumi na mbili mara kumi na moja."

Mimi ni bibi, nina miwani, na pale ni sokoni. Nilifikiria kumjibu sikioni. Lakini kifua kilikuwa kimeshajaa chenyewe, na nikasimama, na Kashaulili yote ikanisikia: "Mia moja arobaini na nneee!" Nilijua nimekosea kabla neno halijaisha. Muuza nyanya akadondosha fungu lake. Leokadia akainua uso umelowa machozi mpaka kidevuni, akaweka viganja viwili mdomoni kama zamani, na kwa sauti ambayo sikujua kama bado anayo akaniita, "Ndege wakooo!" Shomoro waliokuwa wanadonoa chini ya meza wakaruka wote mara moja wakapita juu ya vichwa vya watu.